Fundi bomba na "cha juu": kwa nini biashara za vijana wetu hazikui

Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakalishangaa kuliona katika ukurasa huu, nalo ni kazi ya ufundi bomba. Tumesukumwa na mambo mawili, moja ni la nchi nzima na jingine ni la msikiti wetu wenyewe.

La nchi ni kurejeshwa kwa mikopo ya halmashauri. Wasomaji wanakumbuka kwamba sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya kuwakopesha wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo isipokuwa kwenye makaratasi. Mwaka 2024 ikarejea kwa utaratibu mpya. Kwa kuwa kwa mujibu wa sheria mikopo hii haina riba, wazazi wengi wa Kiislamu waliokuwa wakijiweka mbali na taasisi za mikopo wamepata utulivu wa moyo, na hawapiti wiki mbili bila mmoja wao kutujia baada ya swala na kuuliza: "Sheikh, kijana wangu amejifunza ufundi bomba, je, aingie kwenye kikundi achukue mkopo afungue biashara?"

La msikiti ni hili. Mabomba ya mahali petu pa kutilia udhu yalianza kuvuja ndani ya ukuta. Kamati ikamwita fundi, kijana mwenye mikono mizuri ambaye kazi yake tuliwahi kuiona na kuisifu. Akatoa makadirio, akapewa fedha za vifaa zote na nusu ya ufundi, akavunja ukuta siku ya Jumatatu, na Jumanne hakuonekana. Wiki tatu waumini walitawadha kwa ndoo na vikopo. Simu yake ilikuwa ikiita bila kupokewa, kisha ikawa haiiti kabisa. Wazee wa kamati walikwisha kumwita mwizi, na baadhi yao walitaka jina lake litangazwe siku ya Ijumaa, jambo ambalo tulilikataa.

Siku ya ishirini na mbili alikuja mwenyewe, amekonda, akakaa barazani na kutuamkia. Tulimwuliza, mwanangu, fedha ya msikiti iko wapi? Akasema: "Sheikh, sikuila. Fedha yenu nilimalizia kazi ya Mbezi. Fedha ya Mbezi nilikuwa nimemalizia kazi ya Tabata. Sasa nimepata kazi ya Kigamboni, wakinipa kianzio nitakuja kumaliza yenu."

Ndugu msomaji, tulipoyasikia maneno hayo hatukumwona mwizi mbele yetu. Tulimwona mtu aliyenaswa katika mnyororo, kila pete ikishikwa na pete inayofuata, na siku kazi mpya itakapokosekana mnyororo wote utamwangukia yeye. Tulipowauliza mafundi wengine kwa faragha, mmoja baada ya mwingine alikiri kuwa anaishi hivyo hivyo. Ndipo tulipoona kuwa swali la wazazi kuhusu mkopo lina swali jingine lililotangulia: kwa nini fundi hodari, mwenye kazi kila wiki, hana akiba hata ya kununulia spana mpya?

Soko lipo, wala hakuna haja ya kulithibitisha kwa maneno mengi. Dar es Salaam inakua kila upande, na kila nyumba mpya inataka mabomba ya maji safi, ya maji taka, choo, sinki na tanki. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua maji na jiji likaingia katika mgao, hata wale waliodharau matanki waliyatafuta, na kila simtanki iliyopandishwa juu ya mnara ilihitaji mtu wa kuiunganisha. Kazi ya mkono nayo haina aibu. Nabii Daud alikula kutokana na kazi ya mikono yake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi tatizo halipo katika soko wala katika heshima ya kazi.

Tatizo, kwa kadiri tulivyolichunguza, limo ndani ya maneno mawili madogo ambayo kila fundi na kila mwenye nyumba anayajua: cha juu.

Mambo huenda hivi. Mteja anamwita fundi, fundi anaangalia na kuandika orodha ya vifaa: mabomba kadhaa, elbo, tii, yunioni, koki, tepu ya nyuzi, gundi. Halafu anataja ufundi, tuseme shilingi 150,000. Mteja anaruka: "Kazi ya siku mbili hiyo? Nitakupa 60,000." Fundi habishani sana. Anakubali 60,000 kwa upesi ambao ungemshtua mteja kama angefikiri kidogo, kisha anakwenda Kariakoo kununua vifaa. Bomba la shilingi 18,000 linaandikwa 25,000, koki ya daraja la chini inaandikwa bei ya koki ya daraja la juu, elbo kumi zinakuwa kumi na tano, na mwenye duka, ambaye ni mshirika wa zamani katika mchezo huu, anatoa risiti kama alivyoagizwa. Ile tofauti ya 90,000 aliyonyimwa fundi mlangoni ameichukua dirishani, pengine na ziada.

Mwenye nyumba akigundua husema mafundi wote ni wezi, na fundi akiulizwa husema wateja wote ni wachoyo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli mkononi.

Tuanze na hukumu yake. Anayepewa fedha na mwenzake ili amnunulie kitu ni wakili wake katika ununuzi huo, na fedha iliyo mkononi mwake ni amana. Wakili hana haki ya kujipatia faida ya siri katika alichoagizwa. Hata punguzo alilopewa na mwenye duka kwa sababu ya kuzoeana ni la aliyemtuma, ila kama aliyemtuma ameridhia achukue. Akiandika bei isiyo ya kweli amekusanya makosa mawili, kuhini na kusema uongo, na mwenye duka aliyeandika risiti hiyo ameshiriki. Vilevile fedha ya amana ikipotea bila uzembe wa aliyeishika, hailipi. Lakini akiitumia kwa shughuli yake, kama alivyofanya kijana wetu na fedha ya msikiti, hukumu inageuka: mkono uliokuwa wa amana unakuwa mkono wa dhamana, na lolote litakalotokea ni juu yake.

Hayo wengi wanayajua, na mawaidha juu yake yametolewa mara nyingi. Jambo tunaloona halisemwi ni kwamba cha juu, mbali na kuwa dhambi, ndicho kinachomfanya fundi abaki mdogo miaka ishirini.

Fikirini. Mapato ya fundi huyu hayaonekani popote. Kwenye daftari, kama analo, ameandika ufundi 60,000, na sehemu kubwa ya riziki yake imefichwa ndani ya bei za mabomba. Basi hawezi kujua kazi ipi ilimlipa na ipi ilimtia hasara. Hawezi kumwonyesha afisa wa halmashauri, wala benki isiyotoza riba, hesabu za mwaka zinazothibitisha kuwa biashara yake inaweza kubeba mkopo. Hawezi kumtuma kijana wake dukani, kwa kuwa siri ya bei itamfikia kijana, na kijana naye atajifunza kuweka cha juu chake juu ya kile cha bwana wake. Kwa hiyo ananunua mwenyewe, nusu ya siku inaishia kwenye foleni za barabara ya kwenda mjini, na kazi mbili kwa wakati mmoja hazimudu. Mteja mwenye shughuli kubwa, kama shule au hosteli, anayetaka kununua vifaa kwa mkono wake, anamkimbia, kwa sababu kwa mteja huyo ufundi wa 60,000 utabaki 60,000 kweli. Ameijenga biashara ambayo inaweza kuishi gizani tu, na biashara ya namna hiyo haiajiri wala haikopesheki.

Halafu linakuja lile la pili, mnyororo wa kianzio. Kwa kuwa ufundi umepangwa chini ya gharama yake halisi, kila kazi inaacha pengo, na pengo linazibwa kwa fedha ya vifaa vya mteja anayefuata. Cha juu na kianzio kilicholiwa ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Sasa tuseme na wenye nyumba, tukiwemo sisi wa kamati za misikiti. Tulipofukua daftari la msikiti wetu tuliona aibu. Fundi alikuwa ametaja ufundi wa shilingi 200,000 na mzee mmoja wa kamati, kwa nia ya kuokoa mali ya wakfu, alimshusha hadi 90,000 huku akimkumbusha thawabu. Tulijipongeza siku ile. Ukweli ni kwamba tulimnunua kwa bei ambayo hakuna mtu anayeweza kuifanyia kazi hiyo bila kuiba au kukimbia, na yeye akakimbia. Kama msikiti unataka sadaka ya fundi, umwombe sadaka waziwazi, naye atoe au asitoe kwa hiari yake. Kumbana kwenye ujira kisha kuuita ujira huo ibada ni jambo jingine kabisa.

Je, bei ya haki ni ipi? Fundi aliye wengi hupanga bei kwa kuangalia sura ya mteja, geti lake na gari lake. Tulikaa na kijana wetu tukafanya hesabu nyingine, na tunaileta hapa kama mfano, kila mtu aweke tarakimu zake. Tuchukulie kwamba familia yake inahitaji shilingi 450,000 kwa mwezi kwa kodi ya chumba, chakula na ada. Saidia fundi wake analipwa 200,000. Nauli, bodaboda ya kubebea vifaa na simu ni 120,000. Vifaa vya kazi huchakaa: msumeno, spana za bomba, mashine ya kuunganishia mabomba ya PPR kwa moto, basi tuweke 80,000 ya kuvibadilisha. Jumla ni 850,000. Mwezi una siku 26 za kazi, lakini siku za kwenda kutazama kazi, kutoa makadirio, kusubiri mteja apate fedha, kuuguliwa na kuzika hazilipwi. Alipohesabu kwa uaminifu alikuta siku zenye malipo ni kama 17. Gawanya 850,000 kwa 17, unapata 50,000 kwa siku, na hapo bado hajapata faida hata senti moja ya kukuzia biashara.

Kijana aliitazama karatasi ile muda mrefu. Alikuwa akitoza 30,000 kwa siku na kushangaa kwa nini anaishi kwa madeni.

Basi njia za halali ni zipi? Ziko wazi, na zote zinahitaji kalamu. Ya kwanza ni fundi kuuza ufundi peke yake. Anaandika orodha ya vifaa, mteja ananunua mwenyewe au anamtuma fundi kwa ujira wa ununuzi unaojulikana, tuseme 20,000 na nauli, na risiti za kweli zinarudi pamoja na chenji. Ujira wa ununuzi ni haki yake, kwani kuzijua bidhaa na kuzichagua ni kazi. Njia ya pili ni kukubaliana kazi nzima kwa bei moja, vifaa na ufundi pamoja, kwa sifa zilizotajwa: bomba la aina gani, la kipenyo gani, koki za daraja gani, itamalizika lini. Hapo fundi si wakili tena. Akipata vifaa kwa bei nafuu faida ni yake kihalali, na bei zikipanda Kariakoo hasara nayo ni yake. Mkataba wa namna hii huitwa istisnaa. Wanazuoni wa Kihanafi waliukubali tangu zamani kama mkataba unaojitegemea, wengine waliuweka chini ya masharti ya salamu, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992 liliupitisha na kuruhusu malipo yake yawe ya awamu. Hilo la awamu ni msaada mkubwa kwa pande zote mbili: sehemu ilipwe wakati wa kuanza, sehemu mabomba yakishalazwa na kupimwa, na sehemu ya mwisho maji yakitoka.

Tumesema "kupimwa", na hapa tutakaa kidogo, maana fundi wa kweli hujulikana hapa. Mabomba yakishalazwa ukutani, kabla ya plasta na vigae, hufungwa miisho yote, hujazwa maji, husukumwa kwa pampu ndogo ya mkono yenye saa ya shinikizo, kisha huachwa kwa saa kadhaa. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na papo hapo panaonekana na kurekebishwa kwa dakika chache. Fundi asiyepima hugundua kosa lake miezi mitatu baadaye, vigae vikiwa vimeshapakwa saruji nyeupe, na kurekebisha ni kuvunja. Tena siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera: apige picha ukuta kabla haujafunikwa, ampe mwenye nyumba nakala, ili siku ya kutundika kabati asitoboe bomba. Kazi iliyopimwa inaweza kuwekewa dhamana ya maandishi ya miezi sita au mwaka, na dhamana hiyo humtangaza fundi kuliko bango lolote.

Elimu nayo ina faida yake. Tunaujua mfano wa nyumba moja iliyolalamikia bomba la kuogea lisilotoa maji kwa nguvu. Mafundi wawili kwa zamu walibadilisha koki. Wa tatu, aliyesoma, alipima urefu: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani shinikizo la bar 1, na tanki lile lilikuwa mita 3 tu juu ya bomba la kuogea, tena maji yakipita kwenye bomba jembamba lenye kona nyingi. Hakuuza koki. Alibadilisha bomba la kushukia kwa kipenyo kikubwa, akapunguza kona, na akalipwa ufundi kamili kwa kuwa alilijua jambo. Kijana anayetaka kuanza asione haya kwenda chuo cha VETA, na aliyejifunza mtaani kwa miaka chini ya fundi mwingine anaweza kupimwa na VETA katika mpango wao wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapewa cheti bila kuanza upya darasani.

Turudi kwenye swali la wazazi juu ya mkopo. Jibu letu ni kwamba mkopo usio na riba ni neema, lakini bado ni deni, na deni halisamehewi kwa sababu tu aliyekopesha ni serikali. Tumesikia vijana wakisema fedha ya halmashauri ni "yetu", ya walipa kodi, na kwa hiyo kutoirejesha si kosa. Ni ya walipa kodi kweli, na ndiyo maana asiyeirejesha anadaiwa na watu wengi kuliko aliyemkopa jirani mmoja. Mkopo unafaa kwa kitu kinachobaki: mashine ya kuunganishia PPR, seti ya kukatia nyuzi za mabomba ya chuma, pampu ya kupimia, pikipiki ya matairi matatu ikiwa kazi zinairuhusu. Haufai kuzibia pengo la kazi zilizopangwa chini ya gharama. Kijana mwenye ule mnyororo tuliousimulia akipewa milioni tano leo, ataongeza pete tano na hatatoka. Kwanza ajue siku yake inagharimu kiasi gani, aandike miezi mitatu ya mapato na matumizi ya kweli, kisha akope.

Kuna wazazi wanaotaka kuweka fedha zao wenyewe katika biashara ya kijana, na hapa tunawashauri wawe waangalifu katika aina ya mapatano. Qiradhi, yaani mali kutoka kwa mmoja na kazi kutoka kwa mwingine kwa kugawana faida, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, mahali pake ni biashara ya kununua na kuuza, si kazi ya ufundi. Ushirika wa mafundi wawili wanaochanganya ujira wa mikono yao na kugawana nusu kwa nusu, Mashafi hawakuupitisha, ilhali Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wameuruhusu. Hatutaki kuingia katika khitilafu hiyo kwa urefu. Lakini ukitazama sababu waliyoitaja waliokataa, kwamba hakuna ajuaye nani kati ya wawili atafanya kazi zaidi na nani atapata zaidi, utaona ni sababu ile ile inayozivunja shirika nyingi za vijana wetu: mmoja anaugua mwezi mzima, mwingine anapanda ngazi peke yake, na mwisho wa mwezi wote wanangojea nusu. Anayefuata rai ya kuruhusu aandike mapema itakuwaje mmoja akiugua. Kwa mzazi, njia nyepesi ni mbili. Ama amkopeshe kijana kwa wema bila ziada, ama anunue mashine iwe mali yake na amkodishie kijana kwa kodi inayojulikana kwa siku au kwa mwezi, na kijana akiacha kazi mashine irudi nyumbani. Njia hii ya pili imeokoa undugu katika nyumba zaidi ya moja tuzijuazo.

Na kwa kuwa tumeitaja mali: vifaa vya kazi vya fundi havitolewi zaka. Lakini akianza kuweka akiba ya mabomba na koki kwa ajili ya kuuza, hiyo ni bidhaa ya biashara, na ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka yake ya asilimia mbili na nusu. Mafundi wengi wanaopanuka hawalijui hili.

Kukua kwenyewe kunakuja kwa hatua, na hatua ya kwanza mara nyingi ni saidia fundi. Fundi asiyefundisha atabaki na mikono miwili tu. Anayemfundisha kijana, akamlipa ujira uliotajwa mapema badala ya "nitakukumbuka", anaweza kumwachia nyumba moja na yeye akaenda nyingine. Kisha kusajili jina la biashara BRELA, kupata namba ya mlipa kodi na leseni, kufungua akaunti ya biashara isiyochanganyika na fedha za jikoni. Wapo wanaoona urasimu huu ni mzigo, nasi hatukatai kwamba una usumbufu wake. Lakini bila huo, milango mikubwa imefungwa. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake, na tangu 2023 zabuni hizo hupita katika mfumo wa NeST ambao haumjui fundi asiye na jina wala namba. Anayetaka kuwa mkandarasi kamili wa mabomba atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika makandarasi maalumu, akianzia daraja la tatu. Tumetaja wanawake, nao wasisahaulike: binti aliyesomea ufundi huu ana wateja ambao hakuna mwanamume anayewafaa, wanawake walio peke yao majumbani mchana, wanaoona tabu kumwingiza fundi mgeni hadi bafuni.

Ama kijana wetu, kamati iligawanyika. Wapo waliotaka arejeshe fedha na aondoke. Tuliomba tumpe nafasi, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi moja yenye safu mbili, vifaa upande mmoja na ufundi upande mwingine. Ufundi tuliurudisha kwenye shilingi 200,000 alizozitaja mwanzo. Vifaa vilivyokwisha kulipiwa alikiri kuwa ni deni lake, na tukakubaliana akatwe 40,000 katika ufundi wa kila kazi atakayoifanyia kamati au waumini waliokuwa tayari, mpaka liishe. Vifaa vipya alivinunua katibu wetu, naye fundi akaenda naye kuchagua na kulipwa 20,000 yake ya ununuzi. Kazi ya Kigamboni tulimwambia asichukue kianzio mpaka ukuta wetu ufungwe, na hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwani alihofia kuikosa. Alikwenda kumweleza mwenye nyumba wa Kigamboni ukweli, na yule bwana akakubali kusubiri siku sita.

Mabomba ya msikiti yalipimwa Alhamisi usiku, mshale haukushuka. Deni la vifaa bado halijaisha, limebaki shilingi 120,000, na kila mwezi katibu hulisoma katika kikao, fundi mwenyewe akiwepo.